Jibu kwa msomaji: Tunahama Ujerumani kurudi Marekani, magari yetu mawili tuyafanyeje?

*"Mume wangu ni sajini katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na kwa miaka mitatu tumeishi karibu na Kaiserslautern, Ujerumani. Amepata amri ya kurudi Marekani, jimbo la Texas, mwezi wa saba. Tuna magari mawili. La kwanza ni Toyota RAV4 tuliyoinunua Colorado, jeshi likatuletea huku, na bado tunalipa mkopo wake. La pili ni Volkswagen Golf ya dizeli ya mwaka 2014, tuliyoinunua hapa hapa kutoka kwa mwanajeshi aliyekuwa akihama. Hiyo Golf ndiyo ninayoendea kazini na kuwapelekea watoto shule. Mume wangu anataka tuisafirishe Golf kwa kuwa haina deni na hainywi mafuta, kisha tuiuze RAV4. Marafiki wanatuambia kila mtu mzima ana haki ya gari moja, kwa hiyo yote mawili yatasafirishwa bure. Wengine wanasema Golf niipeleke Mombasa kwa kaka yangu, au nimwachie rafiki yangu muuguzi aliyeko Mannheim, aitumie kwa karatasi zetu mpaka amalize kutulipa kidogo kidogo. Mwezi wa tano mume wangu atakuwa mazoezini, nami nitabaki na watoto wawili, kazi yangu na shughuli hii yote. Nianzie wapi?"*

Dada yangu, pole kwa mzigo huo. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba magari ni nusu tu ya kinachokusumbua. Nusu ya pili ni kwamba mwezi wa tano wewe ndiwe utakayesimama kwenye madirisha ya ofisi ukiulizwa karatasi ambazo hazina jina lako, huku mwenye jina yuko porini na simu haishiki. Nitayajibu yote mawili. Kwa miaka mingi nilihudumu katika usafirishaji jeshini, na tangu nistaafu nimekuwa nikizisaidia familia zinazohama, nyingi zikiwa za Waafrika Mashariki walioingia jeshi la Marekani. Maswali kama lako hunijia kila mwaka majira ya kuchipua yanapoanza, na mara nyingi huja yakiwa yamechelewa. Lako limekuja kwa wakati.

Nianze na ushauri wenyewe ili usiutafute mpaka mwisho: RAV4 irudi Marekani kwa gharama ya serikali, tena iondoke mapema kabla yenu. Golf iuzwe hapo hapo Ujerumani, lakini uiendeshe hadi wiki ya mwisho. Karatasi za kuiuza Golf zianze kushughulikiwa sasa, hata kama mnunuzi hajapatikana. Mengine nitakayoandika yanaeleza sababu.

Kuhusu haki ya magari mawili, marafiki zenu wamekosea, ingawa ninajua kosa hilo limetoka wapi. Haki ya kusafirishiwa gari haitolewi kwa mtu mzima wala kwa mwenye leseni; hutolewa kwa amri ya uhamisho. Amri moja, gari moja. Panapokuwa na wanandoa wote wawili jeshini, kila mmoja na amri yake, huwa na magari mawili, na hapo ndipo watu hudhani kwamba ndoa ndiyo iliyoleta gari la pili. Kazi yako, hata kama ni ya kambini, ikiwa uliajiriwa ukiwa tayari uko Ujerumani kama mke wa mwanajeshi, haikupi amri yako mwenyewe. Gari linaloruhusiwa linaweza kuwa mali ya mwanajeshi au ya mtegemezi wake, na lisizidi futi za ujazo 800, kipimo ambacho RAV4 haikifikii. Kwa hiyo uamuzi wenu ni mmoja tu: lipi kati ya mawili litumie nafasi hiyo.

Sasa tuingie kwenye hoja ya shemeji. Hesabu yake ya deni na mafuta ni ya mtu anayeijali nyumba yake, na kama sheria ingetazama deni na mafuta peke yake, ningekubaliana naye. Lakini sheria ya Marekani inatazama gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani. Fungua mlango wa dereva wa RAV4, utazame kwenye fremu au ukingo wa mlango. Utaona kibandiko cha mtengenezaji kinachotamka kwamba siku lilipotengenezwa, gari lilitimiza viwango vyote vya shirikisho vya Marekani vya usalama wa magari. Chini ya boneti kuna kibandiko kingine cha viwango vya moshi. Vibandiko hivyo viwili ndivyo pasipoti ya gari. Afisa wa forodha hana muda wa kuipima injini bandarini. Anasoma kibandiko, anasoma fomu HS-7 ya usalama barabarani na fomu 3520-1 ya mazingira, kisha analiruhusu gari au analizuia.

Ukifungua mlango wa Golf utakuta kibandiko pia, lakini kinataja viwango vya Ulaya. Watu wengi huniambia, "Lakini Golf zinauzwa Marekani!" Ni kweli, zimeuzwa huko miaka mingi. Hata hivyo Golf iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani zinafanana sura tu. Zinaweza kutofautiana taa, bampa, mifumo ya mikanda, namna injini inavyojipima moshi na hata aina ya injini yenyewe. Na upande wa moshi wa dizeli, Marekani haina mchezo: sheria ya hewa safi ndiyo iliyoiingiza kampuni ya Volkswagen yenyewe matatani mwezi Septemba 2015, pale Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lilipotangaza kwamba baadhi ya dizeli zake zilipangwa zidanganye vipimo.

Kuna mlango wa pembeni, nami nautaja ili usije ukaambiwa na mtu nusu yake. Gari lililotimiza miaka 25 tangu litengenezwe husamehewa viwango vya usalama, na upande wa moshi msamaha huanza likiwa na miaka 21 iwapo injini yake ni ile ya asili. Golf yenu ya 2014 itafikisha miaka 25 mwaka 2039. Kabla ya hapo, gari lisilotimiza viwango lazima lipitie kwa mwagizaji aliyesajiliwa na NHTSA, idara inayosimamia usalama wa barabara kuu. Aina hiyo ya gari sharti iwe imekubaliwa kwamba inaweza kubadilishwa, mnaweka dhamana ya asilimia 150 ya thamani yake, na mwagizaji hupewa siku 120 kulibadilisha. Kazi ya moshi hufanywa na mwagizaji mwenye idhini ya EPA, kwa bei yake. Gharama zote hizo ni zenu, si za jeshi. Likishindikana, gari hurudishwa nje au huharibiwa. Kwa gari la kifahari la nadra, mtu anaweza kujaribu. Kwa Golf ya dizeli ya familia, fedha hizo zingenunua gari jingine Texas na chenji ikabaki.

Kwa sababu hiyo RAV4 ndiyo inayokwenda. Deni lake halibadilishi chochote katika hili, ila linaongeza hatua moja: mwandikieni mkopeshaji sasa, mkimweleza kwamba gari linarudi Marekani na kutaja jimbo, na mumwombe barua ya idhini ya kulisafirisha. Mkiiuza RAV4 Ujerumani mngelazimika kwanza kulimaliza deni ili mkopeshaji aachie hati ya umiliki, na wanunuzi wa gari la toleo la Marekani huko Ujerumani ni wachache. Zaidi ni wanajeshi wenzenu, nao wanajua mnaondoka lini. Mnunuzi anayeijua tarehe yako ya ndege hawezi kukupa bei nzuri.

Nakuja Mombasa, na hapa nina hakika nitakuvunja moyo kidogo. Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto hayaruhusiwi kuingizwa na kusajiliwa. Golf ya Ujerumani ina usukani wa kushoto. Hata kama usukani ungekuwa kulia, kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinazuia gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, nalo la mwaka 2014 limeshapita zamani. Laiti kaka yako angekuwa Bujumbura au Goma, ambako watu huendesha upande wa kulia, usukani usingekuwa kikwazo, na tungebaki na mjadala wa umri, nauli ya meli na ushuru. Kwa Mombasa hakuna mjadala. Nimewahi kuona familia ikilipia gari nauli hadi bandari ya Kilindini, kisha ikalipia siku za kukaa yadi kila kukicha, na mwisho gari lisiingie. Kama unataka kumsaidia kaka, fedha za mauzo ya Golf zitamfaa kuliko Golf yenyewe.

Suala la rafiki yako muuguzi nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo lenye hatari ambayo haionekani kwa macho. Yeye ni mtu mwema, na wewe unataka kumsaidia, jambo ambalo wengi wetu ughaibuni tumefanyiana. Tatizo ni hili. Wanajeshi wa Marekani walioko Ujerumani wanaishi chini ya mkataba wa NATO wa hadhi ya majeshi wa mwaka 1951 pamoja na makubaliano ya nyongeza ya Ujerumani ya mwaka 1959. Chini ya mkataba huo magari yenu yamesajiliwa na jeshi, hayakusajiliwa na ofisi ya magari ya Kijerumani, na yanaweza kuwa yamepata msamaha wa kodi ambao raia wa kawaida hana. Msamaha huo umefungwa kwenye hadhi ya mume wako. Rafiki yako, akiwa muuguzi aliyeajiriwa na hospitali ya Kijerumani, hana hadhi hiyo. Siku anapolichukua gari kulitumia kama lake kabla ya forodha kulipitisha, machoni pa sheria ya Ujerumani hilo ni gari lililovuka mpaka wa forodha bila ruhusa, ijapokuwa limesogea kilomita sitini tu. Anayeulizwa ni yeye mwenye usukani na mume wako mwenye jina.

Hili ninalisema nikiwa nimeumia. Katika uhamisho wangu mmoja nilimwachia rafiki gari kwa maneno ya kuaminiana, tukiwa na haraka ya ndege, na karatasi za kubadilisha umiliki zikabaki "tutamalizia wiki ijayo". Kwa mwaka mzima niliendelea kupokea nyumbani Marekani barua za faini za mwendo kasi na madai ya bima ya gari ambalo sikuwa naliona. Rafiki hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amehama mji, naye akampa mtu mwingine. Kulifuta jina langu kutoka mbali kulinichukua muda mrefu kuliko ambavyo kungenichukua asubuhi moja nikiwa bado nipo.

Hiyo haina maana kwamba huwezi kumuuzia. Unaweza, ila kwa njia iliyo wazi. Mnachukua kwenye ofisi ya forodha ya jeshi fomu ya kibali cha kuhamisha mali, namba 550-175B. Mnakwenda nayo, wewe na mnunuzi, kwenye ofisi ya forodha ya Ujerumani. Forodha huangalia historia ya gari: kama liliwahi kuingia au kununuliwa kwa msamaha, mnunuzi atadaiwa, na VAT ya Ujerumani peke yake ni asilimia 19. Kwa magari ya abiria yaliyotoka nje ya Umoja wa Ulaya huongezwa ushuru, ambao kwa kawaida ni asilimia 10. Mnunuzi akishalipa, au ikionekana hakuna cha kulipa, fomu hugongwa muhuri. Muhuri huo ndio mnaorudi nao kwenye ofisi ya usajili wa magari ya jeshi ili Golf ifutwe katika jina la mume wako, na baada ya hapo mnunuzi anaisajili Kijerumani kwa ukaguzi na bima yake. Kwa hiyo kabla hamjakubaliana bei, mwambie rafiki yako ahesabu kodi, ukaguzi na bei yako kwa pamoja. Kama fedha zake ni za kulipa kidogo kidogo, afadhali achukue mkopo mdogo benki kwake awalipe mara moja, kuliko nyinyi kuwa benki yake mkiwa ng'ambo ya bahari. Urafiki wenu utasalimika zaidi hivyo.

Kuna karatasi moja ambayo wengi huitupa bila kujua thamani yake. Golf hiyo ilizaliwa katika soko la Ujerumani, na huenda mwanajeshi aliyewauzia alipewa hati za asili za Kijerumani za gari. Tafuteni kwenye bahasha mliyopewa siku ya kununua. Mnunuzi raia mwenye hati hizo mkononi huokoa safari nyingi, nawe unaweza kuitaja bei yako bila kusitasita.

Ikiwa hutaki safari za forodha, mnunuzi rahisi ni mwanajeshi au mtumishi mwingine wa kambini anayewasili kipindi hicho hicho, maana yeye ana hadhi kama yenu na umiliki hubadilishwa dirishani siku hiyo hiyo. Familia zinazofika Juni na Julai zinatafuta hasa kitu kama Golf yako: gari dogo, lenye mafuta nafuu, linaloingia kwenye maegesho finyu ya Kijerumani. Tangazeni mwezi wa tano, mpokee malipo ya awali, na muandike kwamba gari litakabidhiwa tarehe fulani ya mwezi wa saba. Mkikosa kabisa mnunuzi, lipelekeni kwa njia rasmi ya kuondoa magari ya kambini au kwenye yadi ya skrapu yenye kibali, mkichukua cheti. Kuliacha kwenye maegesho ni kosa, na mume wako hawezi kukamilisha taratibu za kuondoka kambini akiwa na gari lisilo na maelezo kwenye jina lake.

Sasa RAV4. Kipindi cha kuanzia Mei hadi Agosti ndicho wanajeshi wengi huhama, na miadi ya vituo vya kupokelea magari hujaa. Kwa kuwa amri imeshatoka, chukueni miadi mara moja. Mimi ningelikabidhi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Gari hutoka kituoni hadi bandarini, mara nyingi Bremerhaven, huvuka Atlantiki, kisha husafirishwa nchi kavu hadi kituo mlichochagua. Hesabuni takriban miezi miwili, na likifika kabla yenu si hasara. Likifika baada yenu mtakodi gari Texas huku watoto wakiuliza kila asubuhi kwa nini hamna gari. Tarehe ya kufika mtakayoandikiwa itunzeni, kwa sababu likichelewa kupita tarehe hiyo kuna fidia ya gari la kukodi kwa siku zilizowekwa, mradi mna risiti.

Kwa kuwa siku hiyo utakuwa peke yako, jambo la kwanza kabisa kabla shemeji hajaenda mazoezini ni hati ya uwakilishi. Ofisi ya msaada wa sheria ya kambi huiandaa bila malipo. Isiwe ya jumla. Iandikwe mahususi: inakuruhusu kukabidhi, kusafirisha na kupokea RAV4 yenye namba ya chasisi fulani, na nyingine ikuruhusu kuuza na kufuta usajili wa Golf yenye namba fulani. Namba ya chasisi ikikosewa herufi moja, dirisha linaweza kukurudisha nyumbani. Beba pia nakala kadhaa za amri ya uhamisho, kitambulisho chako, usajili wa gari, barua ya mkopeshaji na funguo zote.

Kisha kagua kama RAV4 imewahi kuitwa na mtengenezaji irudishwe kurekebishwa kwa sababu ya usalama. Unaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, na jibu huja papo hapo. Gari lenye wito ambao haujashughulikiwa linaweza kukataliwa kituoni, na kwa toleo la Marekani wakala wa Toyota wa Ujerumani anaweza kulazimika kuagiza kipuri kutoka mbali. Hili lisisubiri Mei. Kama mlango wa dereva uliwahi kubadilishwa baada ya ajali na kibandiko kikapotea, ombeni barua ya uthibitisho kutoka kwa mtengenezaji. Hiyo nayo huchukua wiki kadhaa.

Siku ya kukabidhi, tenki liwe na robo au pungufu, kioo cha mbele kisiwe na ufa, breki ya mkono ishike, na gari liwe safi kupita unavyodhani. Usafi huu si wa kupendeza macho. Udongo wa Ulaya ulioganda chini ya gari unaweza kubeba mbegu, konokono na magonjwa ya mifugo. Januari 2025 ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nyati wa majini katika jimbo la Brandenburg, Ujerumani, mara ya kwanza nchini humo tangu 1988, na sisi tuliokulia kwenye ng'ombe tunaelewa ni kwa nini nchi ya wafugaji kama Marekani inaogopa. Lipelekeni gari kwenye sehemu ya kuoshea yenye maji ya kupuliza chini, mkapulize ndani ya matao ya magurudumu, kisha mfyonze vumbi chini ya viti, makombo ya watoto yakiwemo. Ndani hayaachwi masanduku wala nguo. Jeki, tairi la akiba na viti vya watoto huruhusiwa. Kituoni mtajaza pamoja na mkaguzi fomu namba 788, inayoonyesha kila mkwaruzo. Usiisaini kwa haraka. Lizunguke gari mwenyewe, piga picha pande zote na dashibodi ikionyesha maili.

Na kwa kuwa nimetaja viti vya watoto, lisikilize hili vizuri. Kama viti vyenu mlivinunua katika duka la Kijerumani, vina alama ya viwango vya Ulaya, na Marekani inadai viti vyenye maandishi ya kutimiza kiwango chake cha shirikisho. Hata viwe bora kiasi gani, kule havikubaliki kisheria, na baadhi havifungiki sawasawa kwenye mikanda ya magari ya huko. Kama vile vya Marekani mlivyokuja navyo bado viko stoo na havijapita tarehe yake ya mwisho wa matumizi, usivifungie kwenye RAV4. Safirini navyo kwenye ndege, kwa sababu mtavihitaji saa ile ile mnapotoka uwanjani kuingia gari la kukodi au la ndugu. Viti vya Kijerumani mpe mnunuzi wa Golf.

Kuhusu bima, usiikate ya gari lolote kabla usajili wake haujafutwa au halijakabidhiwa rasmi. Ukikata mapema hata kwa siku mbili unaweza kujikuta unaendesha bila bima katika nchi isiyosamehe jambo hilo. Kabla hamjaondoka, mwombeni mtoa bima barua ya miaka mliyoendesha bila madai. Kampuni ya Texas inaweza kuwapunguzia malipo kwa sababu ya barua hiyo. Mchukue bima ya Marekani na kibali cha namba kabla ya siku ya kwenda kulichukua gari, kwa kuwa bima ya Ujerumani haitawafuata.

Mkifika kituo cha kupokelea, rudieni ukaguzi ule ule mkiwa na picha zenu mkononi, na uharibifu wowote uandikwe kwenye fomu kabla gurudumu halijavuka geti. Upande wa forodha, gari la mwanajeshi anayerudi kwa amri huingia bila ushuru mradi amri na fomu zimeambatanishwa. Texas, mkazi mpya anayeleta gari alilokuwa amelisajili kwingine hulipa kodi ya dola 90 badala ya kodi ya mauzo, na ana siku 30 za kulisajili. Kama mume wako anabaki mkazi wa kisheria wa jimbo jingine, hesabu inaweza kuwa tofauti. Hapo muulizeni mwanasheria wa kambi kabla hamjalipa chochote.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyachukulia nafasi ya mtu aliye mbele yako. Nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya usafirishaji ya kambi ukiwa na amri mkononi, kwa kuwa wao ndio wanaosoma maneno ya amri na kujua yanaruhusu nini hasa. Nenda kwa mwanasheria wa kambi ikiwa RAV4 ina majina mawili kwenye hati ya umiliki na mmoja hatakuwepo, ikiwa mkopeshaji anakataa kutoa barua, au ikiwa mmeshaanza kupokea fedha za rafiki yako kwa ajili ya Golf. Hilo la mwisho, kama limeshatokea, nenda wiki hii, ukamchukue na yeye mwende forodha kabla hajaendesha tena.

Kesho asubuhi, kabla hujawapeleka watoto shule, fungua mlango wa dereva wa RAV4 upige picha ya kibandiko na namba ya chasisi, kisha ufanye vivyo hivyo kwa Golf. Mtumie shemeji picha zote mbili aende nazo ofisi ya msaada wa sheria kuandikiwa hati zile mbili za uwakilishi. Jioni, tafuteni ile bahasha ya siku mliyoinunua Golf.